Hela Ndani ya Kasha la Plastiki

Kila mwenye kusema Kiswahili huitaja sarafu ya Kijerumani mara kadhaa kwa siku, hata kama hajawahi kuishika. Neno hela limetokana na heller, sarafu ndogo ya shaba ambayo serikali ya Ujerumani ilianza kuitoa mwaka 1904 kwa ajili ya koloni lake la Afrika Mashariki, yaani Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo. Warundi nao huita fedha amahera. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, heller na rupia ndizo zilizokuwa fedha za serikali yake. Anayeinunua heller hiyo leo kwenye mnada wa Ulaya au Marekani anaweza kuletewa Kigali ikiwa ndani ya kasha gumu la plastiki angavu, refu kidogo kuliko upana wa kiganja, lililofungwa moja kwa moja, na juu yake lebo yenye jina la koloni, mwaka, thamani na tarakimu ya daraja. Mwenye nia ya kupanga albamu ya fedha zilizopita mikononi mwa Wanyarwanda anakabiliwa na swali ambalo wakusanyaji wa sarafu duniani hugombana juu yake: alivunje kasha aitoe sarafu, au ailinde kama ilivyo? Jibu langu ni kwamba kwa sarafu nyingi za historia yetu, kasha livunjwe. Sisemi hivyo kwa kudharau kazi ya wapimaji wanaozipa sarafu daraja. Nasema hivyo kwa sababu kasha na albamu hujibu maswali mawili tofauti, na swali la albamu ndilo linalotuhusu zaidi.

Kasha lilizaliwa sokoni, na ni vizuri kukumbuka jinsi lilivyozaliwa. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti za zamani za nchi yake, akapendekeza kipimo cha 1 hadi 70. Hakukichagua kwa sababu ya uzuri wa namba hizo. Alikusudia sarafu ya daraja la 70 iwe na bei mara 70 ya ile ya daraja la 1. Kwa hiyo tarakimu tunayoisoma leo kana kwamba ni sifa ya chuma, tangu mwanzo ilikuwa lugha ya bei. Bei zile zilipitwa na wakati upesi, lakini kipimo kikabaki. Kampuni ya PCGS ilipoanza kazi mwaka 1986, na NGC mwaka uliofuata, ziliongeza kitu kimoja cha maana sana: mtu wa tatu, asiyenunua wala kuuza, anaiangalia sarafu, anathibitisha kuwa ni halisi, anaipa daraja, kisha anaifungia ili mtu asiibadilishe njiani. Mnunuzi aliye Nairobi na muuzaji aliye Munich wasiojuana kabisa wakaweza kuaminiana. Hilo ni jambo jema, na yeyote aliyewahi kuuziwa sarafu iliyosuguliwa kwa dawa ya kung'arishia atalishukuru. Lakini tazama kazi hiyo inaishia wapi. Imani kati ya mnunuzi na muuzaji ikishapatikana, na sarafu ikishafika kwa mtu asiyekusudia kuiuza, kasha limemaliza kazi yake.

Tuone sasa albamu ya Rwanda ingesema nini kama sarafu zake zingelala pamoja kwenye kurasa chache. Mwanzoni kuna pesa ya shaba ya mwaka 1890 ya kampuni ya Wajerumani, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, na mwaka wa Hijria 1307. Kando yake rupia ya fedha, gramu 11.66, yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma. Wakati huo rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa hesabu ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1904 hesabu inageuka: rupia moja ni heller 100, na Kiarabu hakipo tena. Zinafuata heller 5 za mwaka 1908 na 1909, dubwana la shaba lenye upana wa milimita 37 na uzito wa gramu 20 hivi, kisha mwaka 1913 thamani ileile inarudi ikiwa ndogo, nyeupe, na yenye tundu katikati ya kupitishia uzi. Mtu akiziweka hizo mbili bega kwa bega, hahitaji kuambiwa na mtu kwamba serikali ilikosea mara ya kwanza: nani angebeba heller 5 ishirini za aina ile ili apate rupia moja? Ni karibu gramu 400 za shaba, kwa fedha ambayo ingetosha kubebwa kwa gramu 11.66.

Ukurasa unaofuata ni wa Wabelgiji. Waliitwaa Kigali Mei 1916, na faranga ya Kongo ikaja kushika nafasi ya rupia. Sarafu ya faranga 2 ya mwaka 1943 ina pembe sita na tembo, na ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji yenyewe ilikuwa chini ya jeshi la Hitler. Faranga 50 za fedha za mwaka uliofuata zilipigwa Pretoria. Sarafu mbili tu, na vita vya dunia viko mezani. Mwaka 1952 linaonekana jina la Ruanda-Urundi kwenye faranga 5 yenye mchikichi, likiwa nyuma ya jina la Kongo kama mtoto anayetajwa baada ya kaka yake. Kisha ile faranga ya shaba ya manjano yenye simba, iliyotolewa na benki moja kwa ajili ya Rwanda na Burundi kwa pamoja, yenye miaka ya 1960, 1961 na 1964. Hapa albamu inaonyesha jambo ambalo vitabu vya shule hupita juu yake: uhuru ulipatikana Julai 1962, lakini nchi hizo mbili ziliendelea kutumia fedha moja hadi 1964, mwaka ilipoundwa Banki Nkuru y'u Rwanda. Sarafu mpya za mwaka huo zina uso wa Rais Grégoire Kayibanda. Baada ya mapinduzi ya Julai 1973 yaliyomwondoa, sarafu za matumizi ya kila siku za mwaka 1974 hazina uso wa mtu yeyote. Na zile za mwaka 2003, zilizokuja baada ya bendera na nembo mpya, zimeacha Kifaransa na kuandikwa Kinyarwanda, zikiwa na mtama, kahawa, ndizi na mahindi. Kijerumani na Kiarabu, Kifaransa na Kiflemishi, Kifaransa peke yake, Kinyarwanda: karne nzima ya kujua nani alikuwa akizungumza na nani kuhusu fedha.

Masimulizi hayo hayamo ndani ya sarafu yoyote moja. Yako kwenye nafasi kati ya sarafu na sarafu. Kasha huijaza nafasi hiyo kwa plastiki. Sarafu 20 zilizo ndani ya makasha hujaza sanduku zima zikiwa zimesimama kama faili ofisini, migongo kwa nyuso, na kuzitazama ni kutoa moja na kurudisha moja. Sarafu 20 kwenye albamu ni ukurasa mmoja, na kuupindua ni kuona pande za pili zote kwa mara moja. Tena macho huvutwa na lebo. Mtu akionyeshwa heller ndani ya kasha, kwanza husoma tarakimu, halafu ndipo hutazama taji. Hata lugha ya wenye makasha hubadilika. Utawasikia wakisema wana 64 au 66, hawasemi wana heller ya Hamburg. Mashindano ya seti yanayoendeshwa na kampuni za upimaji kwenye intaneti yameongeza mwelekeo huo, maana pointi hutolewa kwa daraja, hivyo sarafu mbili zisizo na tofauti yoyote kwa jicho la kawaida hutenganishwa na tarakimu moja na bei mara mbili au zaidi.

Wanaozisoma sarafu kama kazi yao hawazifungii hivyo. Katika makumbusho makubwa, sarafu hulala kwenye trei za makabati, kila moja katika kitundu chake na karatasi yake ndogo, ili mtafiti aitoe kwa kuishika ukingoni, aipime kwenye mizani, autazame ukingo, aiweke karibu na nduguze. Mfano ulio karibu nasi ni sarafu za shaba za Kilwa. Hazina tarehe. John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, aliyeandika juu yake miaka ya 1930, na wanaakiolojia waliomfuata, walilazimika kuzipanga kwa kulinganisha maandishi, ukubwa na uzito wa sarafu moja na nyingine. Isitoshe, maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, kwa hiyo msomaji husoma jina la sultani, huigeuza sarafu, na hapo hukutana na kina kikijibu. Sarafu iliyotungwa kama ubeti inataka kugeuzwa mkononi. Mfano mwingine ni heller 20 za Tabora za mwaka 1916, zilizopigwa kwa haraka wakati koloni limezingirwa na sarafu kutoka Ujerumani haziji tena. Ziko za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na wataalamu hutofautisha maumbo ya taji na ya maandishi. Tofauti hizo ni ndogo mno kiasi kwamba anayetazama moja moja ndani ya plastiki nene atachoka kabla ya kuziona. Zikilala sita kwenye mstari mmoja, huonekana upesi.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni ya fedha, na siyo hoja ndogo. Sarafu iliyopimwa huuzwa kwa urahisi zaidi kuliko iliyo uchi, na siku kasha linapovunjwa dhamana ya kampuni nayo huisha. Ukitaka kuirudisha, utalipa tena, na hakuna anayekuhakikishia daraja lilelile, kwa kuwa wapimaji ni binadamu na jicho la leo si la jana. Nakubali yote hayo. Lakini hesabu hiyo ifanywe kwa kila sarafu, isifanywe kwa jumla. Ada ya upimaji, pamoja na posta na bima ya kwenda Ulaya au Marekani na kurudi, huzidi kwa mbali bei ya heller ya kawaida au faranga ya simba ya mwaka 1961. Yaani kwa sarafu nyingi za albamu yetu, aliyelipia kasha alilipa zaidi ya thamani ya kilicho ndani, na fedha hiyo haitarudi kwa kulihifadhi kasha. Ambapo daraja kweli limebeba bei, tuseme faranga ya kawaida iliyopanda thamani kwa sababu tu imepewa 67, shauri la busara ni kuiuza kwa anayeitaka 67 hiyo, na kununua yenye sura safi isiyo na kasha kwa ajili ya albamu. Hakuna haja ya kuvunja bei ya mtu mwingine.

Hoja ya pili ni uhalisi. Wanasema, bila kasha utajuaje kama si bandia, na mjukuu wako atajuaje? Kwanza, kasha nalo hughushiwa. Kufikia mwaka 2008 NGC na PCGS zote mbili zilikuwa zimeonya hadharani kuhusu makasha bandia yenye majina yao. Anayeamini plastiki badala ya sarafu amehamisha tatizo tu. Pili, waghushi hufuata faida, na kwa heller 1 ya bei ndogo faida hiyo ni haba. Tatu, ujuzi wa kutambua sarafu halisi hujengwa na mkono unaoizoea: mizani ya sonara, rula ya kupimia kipenyo, sumaku, na kioo cha kukuza. Rupia inayokosa gramu moja katika zile 11.66 itajisema yenyewe kwenye mizani, na ndani ya kasha haipimiki. Ningependa vijana wa hapa Kigali, wa Nyamirambo na Kicukiro, wajifunze kuuliza maswali hayo kwa chuma chenyewe kuliko kutegemea hukumu ya wapimaji iliyotolewa Florida.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ina uzito wa kweli: sarafu inaweza kuharibika, ama siku ya kulivunja kasha ama polepole ndani ya albamu mbaya. Kuhusu siku yenyewe, madhara mengi hutokana na nyundo na pupa. Kasha lizungushiwe taulo, anayelivunja avae miwani ya kukinga macho, kisha pembe na kingo zikatwe kidogo kidogo kwa koleo la kukatia waya, mbali na sarafu, mpaka mshono ufunguke na pande mbili ziachane zenyewe. Sarafu itolewe juu ya kitambaa laini, ishikwe ukingoni, isiguswe uso, na isisafishwe kwa kitu chochote. Majivu, ndimu na dawa ya meno vimeua sarafu nyingi kuliko nyundo. Faranga za alumini za miaka ya 1950 na za mwaka 1969 zinataka uangalifu wa ziada, kwani chuma hicho ni laini na huchubuka upesi. Kuhusu albamu, adui ni plastiki laini ya aina ya PVC, ile yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni, ambayo baada ya miaka hutoa ute wa kijani unaoila shaba. Karatasi na mbao zenye asidi nazo ni mbaya. Albamu iwe ya karatasi isiyo na asidi, na vifuniko vyake viwe vya plastiki ngumu isiyo na PVC. Hapa Kigali tuna bahati kidogo: tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hatuna hewa ya chumvi inayowatesa wakusanyaji wa Mombasa na Unguja. Misimu yetu miwili ya mvua inatosha kutuonya, hata hivyo, na vifuko vichache vya silika kabatini, vinavyokaushwa mara kwa mara, vitasaidia. Ikumbukwe pia kwamba kasha halizuii hewa kabisa. Fedha hubadilika rangi hata ndani yake, na kampuni za upimaji hazidai vinginevyo.

Iko hoja nyingine inayotajwa mara chache, nayo ni ya kumbukumbu. Kampuni hizo hutunza orodha za hesabu ya sarafu zilizopimwa kwa kila mwaka na daraja, na sarafu ikitolewa kashani bila taarifa huendelea kuhesabiwa. Ikipelekwa tena, huhesabiwa mara mbili. Orodha zimevurugika sana kwa njia hiyo. Dawa yake ni rahisi. Lebo irudishwe kwa kampuni iliyoitoa ili namba ifutwe. Kabla ya hapo ipigwe picha pamoja na sarafu, pande zote mbili, kasha likiwa bado zima, na picha hiyo ihifadhiwe nyuma ya ukurasa wa albamu. Hivyo ushahidi wa mpimaji haupotei, na anayerithi albamu atajua sarafu ilitoka wapi na iliwahi kusemwa nini.

Sisemi kila kasha livunjwe. Tangu mwaka 2008 zimekuwa zikitengenezwa Ujerumani sarafu za wakia moja ya fedha safi kwa jina la Rwanda, kwanza yenye gorila, mwaka uliofuata yenye tembo, na kuanzia 2017 zikaja za merikebu maarufu kama Santa María. Zimeandikwa faranga 50, lakini hakuna aliyewahi kulipia nauli kwa sarafu hiyo. Ni bidhaa ya wawekezaji na wapenda fedha, haijawahi kulala kwenye sanduku la muuza duka, na haijui jasho la mfukoni. Anayetaka kuiacha ndani ya plastiki yenye tarakimu 70 haiondolei kitu. Ila napenda kuiona ikiwekwa, na kasha lake, mkabala wa faranga 50 ya mwaka 2003 yenye mahindi. Thamani iliyoandikwa ni moja, jina la nchi ni moja, na moja tu kati ya hizo ndiyo iliyonunua chumvi mtaani Biryogo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilielewa nguvu ya kupanga pamoja mapema: mpango wake wa sarafu ulioanza mwaka 1968 ulizipa nchi nyingi sarafu za kilimo, Rwanda ikiwemo kwa faranga 2 za mwaka 1970 na faranga 200 za fedha za mwaka 1972, na zilipangwa kwenye albamu ili mtazamaji aone mpunga wa nchi moja karibu na ng'ombe wa nyingine.

Sarafu nyingine ambayo singethubutu kuigusa kwa koleo ni rupia 15 za dhahabu za Tabora. Zilipigwa mwaka 1916 kwenye karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, jumla 16,198 tu, zikiwa na tembo anayeinua mkonga mbele ya mlima. Nakala zake zipo, bei yake ni kubwa, na hapo neno la mtu wa tatu lina maana. Zaidi ya hayo, nafasi yake katika albamu ya Rwanda ina utata: Kigali ilichukuliwa Mei mwaka huo, ilhali Tabora haikuanguka hadi Septemba, kwa hiyo ni fedha ya koloni ambalo Kigali ilikuwa imeshatoka. Mwenye kuimiliki aiache kashani, kwenye kabati lenye kufuli. Katika ukurasa wa 1916, baina ya heller 20 nyekundu na heller 20 ya manjano, kitundu chake kibaki wazi, na ndani yake kiwekwe kijikaratasi kilichoandikwa kwa wino: T ya Tabora, gramu 7.168, na namba ya kasha.